Ubao wa Dhoruba

Nyuma ya msikiti wa Busia, pale kichochoro kinapopinda kuelekea sokoni, alasiri zina kimya ambacho majirani hawajakizoea hadi leo. Zamani, tena si zamani sana, saa hizo zilikuwa na mlio wake. Bati lilipanda na kushuka, likatulia, likapanda nusu, likaanguka kwa kishindo, kisha likapiga haraka haraka kama mtu anayegombana na mlango wa nyumba yake mwenyewe. Chini ya mlio huo palikuwa na uvumo mzito usiokoma. Maimuna, aliyeuza chai kando ya ukuta ule, alisema wateja wake wamejifunza kunywa kwa mapigo ya lile bati. Sasa bati limenyamaza. Mtu akipita pale hupunguza mwendo na kugeuza kichwa, kana kwamba anasikiliza.

Palikuwa karakana ya Edris bin Bashir. Mle ndani, mwaka wa sabini na tano na sehemu ya mwaka uliofuata, Edris alikuwa akitengeneza upepo.

Watu walilicheka neno hilo, naye aliwaacha wacheke.

"Edris, huu upepo wako ni wa kuuza ama wa kujipepea?" dereva wa lori angemuuliza akileta betri.

"Wa kuuza, boss. Lete debe nikupimie."

Baba yake, Bashir, alikuja kutoka pande za Mbale akiwa utingo wa malori ya pamba. Akaoa binti wa Kisamia wa Funyula, akafa kabla hajapata mahali pa kusema ni pake. Edris alilelewa Sigalame kwa wajomba. Wajomba walimpa chakula, mahali pa kulala na mapenzi yote anayostahili mpwa, lakini mashamba yalikuwa ya wana wa ukoo, na jambo hilo halikuhitaji kusemwa na mtu. Alipokua alihamia mjini, akajifunza kuchaji betri, kusuka dainamo na kuchomelea vyuma. Katika mji wa mpakani, ambako nusu ya watu wanapita na nusu nyingine wanajiandaa kupita, mtu asiye na shamba hupimwa kwa kazi ya mikono yake tu. Ngazi aliyoitengeneza Edris ilipandwa bila kutazamwa. Mwenye duka angegonga mlango wake wa chuma kwa ngumi na kuwaambia wageni, "Hii ni ya Edris," na maneno yakaishia hapo. Jina hilo ndilo lilikuwa shamba lake. Alilipalilia kila siku, na hakutaka mtu akanyage humo.

Protus Wabwire aliyajua yote hayo. Walikaa dawati moja Sigalame, na Bashir alipokufa na Edris akaacha shule, ni Protus aliyekuwa akimletea hesabu za darasani jioni, wakazifanya pamoja juu ya mchanga. Protus aliendelea. Akaenda sekondari, akaenda chuo kikuu, akafundisha fizikia kidogo, na mwaka wa sabini na tano akarudi Busia na gari la mradi wa maji. Dizeli ilikuwa imepanda tangu vita vya Waarabu na Wayahudi. Pampu za visima zilikuwa zimekaa kimya huku wanawake wakishuka tena mitoni na mitungi. Mradi ulitaka kujaribu vinu vya upepo, na cha kwanza kingesimama Angurai, juu ya kilima cha mawe kinachotazama soko.

Aliingia karakanani akiwa amevaa viatu vya ngozi, akakaa juu ya pipa tupu.

"Fundi, nataka tufanye kitu ambacho hakijafanywa hapa."

"Wewe mwalimu ulisema hivyo hivyo siku ile tulipovunja saa ya hedimasta."

Wakacheka mpaka Zulaika, mke wa Edris, akatoka kuangalia.

Protus alieleza akichora kwa chaki kwenye sakafu. Vinu vingi vinaharibika, alisema, kwa sababu watu wanajenga kwa wastani. Wanapima upepo asubuhi na jioni, wanajumlisha, wanagawanya, wanasema upepo wa hapa ni kiasi hiki. "Chukua mtu aliyelala asubuhi yote na kupigana mchana wote. Ukisema kwa wastani alikuwa ametulia kidogo, umemjua mtu huyo?"

"Sijamjua. Na akinipata mchana atanipiga."

"Ndiyo hiyo! Tena upepo ukiongezeka mbio mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili. Inakuwa mara nane. Wastani hauvunji kinu, Edris. Kinachovunja ni ule mkurupuko mmoja."

Alitaka wautengeneze upepo wa Angurai ndani ya karakana, na vigeugeu vyake vyote, ili kinu kidogo cha mfano kipigwe humo kabla cha kweli hakijajengwa. Edris hakulala vizuri usiku huo kwa furaha. Hakuwa amealikwa kufikiri pamoja na mtu tangu walipoacha kuandika juu ya mchanga.

Kwanza walikwenda kuuchukua upepo wenyewe. Edris alifunga bakuli za bati kwenye kitovu cha gurudumu la baiskeli, akaunganisha dainamo, na kutoka kwenye dainamo akavuta waya hadi kwenye mita ya chaji aliyoitoa kwenye lori bovu. Upepo ulipozungusha bakuli, sindano ya mita ilikwenda kulia. Ulipolegea, ikarudi. Waliketi kilimani alasiri nyingi, wakiwa na bunda la karatasi ya kufungia sukari. Protus aliivuta karatasi taratibu juu ya ubao, akiimba wimbo wa kanisani chini chini ili mkono wake usiharakishe wala usichelewe. Edris alishika penseli na kuifuata sindano, kulia, kushoto, kulia. Karatasi ikatoka na mstari uliopanda na kushuka kama milima inayoonekana mbali. Kazi ile haikuwezekana kwa mtu mmoja.

Alasiri za kiangazi zilikuwa na tabia inayoeleweka. Asubuhi shwari, kisha upepo wa ziwani ukafika na kupumua kwa vipindi. Lakini siku moja mwishoni mwa Februari wingu jeusi lilitokea upande wa Tororo, na mbele ya mvua ukaja upepo ambao hawakuutegemea. Edris alitaka wakimbilie gari.

"Kaa!" Protus alipiga kelele. "Fuata sindano! Usiiache!"

Alikaa. Sindano iligonga mwisho wa mita, ikarudi, ikagonga tena. Protus aliendelea kuimba kwa sauti kubwa, akivuta karatasi chini ya koti alilolifunika juu yao wote wawili. Walipomaliza walikuwa wamelowa, meno yakigongana, na Protus alimkumbatia Edris akamwambia, "Tumeikamata. Ndugu yangu, tumeikamata dhoruba."

Karakanani waliunganisha mapipa ya mafuta, wakakata vifuniko vyake, yakawa handaki refu. Upande mmoja waliweka feni kubwa iliyozungushwa na injini kuukuu ya posho mili, mashine ya kusaga unga. Injini hiyo ilitoa upepo wa namna moja tu, usiobadilika. Vigeugeu vilitoka kwenye bati lililoning'inia katikati ya handaki kama mlango. Likipanda, upepo unapita. Likishuka, unakatika. Na kilichopandisha na kushusha bati ni ubao wa mviringo ambao ukingo wake ulikuwa na vinundu na mabonde. Ubao ulizunguka polepole, mkono wa chuma ukapanda nundu na kuzama bondeni, na bati likafuata. Edris aliuchonga ukingo kutoka kwenye mstari wa karatasi, akipima, akipiga tupa, akipima tena. Ukiuzungusha ubao, alasiri ya Angurai ilirudi.

Walichonga mbao mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kiangazi. Ya pili, yenye meno marefu yasiyolingana, waliiita ubao wa dhoruba.

Kwa ubao wa kiangazi kinu cha mfano kilizunguka vizuri. Kwa ubao wa dhoruba kilitetemeka, kikaguna, na panga moja likachomoka, likapita juu ya kikombe alichokuwa Maimuna akiwaletea na kuingia ukutani.

"Haya mambo yenu yataua mtu!" Maimuna alipiga kelele.

"Afadhali yaue hapa, mama," Protus alisema akifuta jasho, na hata Maimuna akacheka.

Protus alifurahi kuliko siku zote. Hiyo ndiyo faida ya kujaribu, alisema. Dawa yake ilijulikana. Kinu kinahitaji mkia wenye bawaba na springi, ili upepo ukizidi, mkia ukunjike na mapanga yageuzie dhoruba ubavu. Angeagiza springi na bawaba Nairobi. Edris alisema angeweza kufua bawaba hiyo kutoka kwa springi ya lori. Protus akamwambia asijisumbue, mradi utaleta kitu cha sawasawa.

Zulaika hakumpenda. Hakuwa na sababu ya kutaja mbele ya watu. "Huyo mwalimu wako," alimwambia mumewe, "anakuwekea mkono begani kama fundi cherehani anayepima koti la mtu mwingine."

"Tumesoma dawati moja."

"Na nani alibaki kwenye dawati?"

Vifaa vya Nairobi havikuja, lakini wageni wa mradi walikuja. Walikuwa wakubwa kutoka wizarani na Wazungu wawili wafadhili, na ziara yao ilipangwa siku ya Ijumaa. Edris alishangaa kidogo kwamba Protus, anayejua wazi saa za sala, aliweka maonyesho adhuhuri. Alikwenda msikitini, akasali kwa haraka asiyoizoea, akatoka akikimbia na viatu mkononi. Kabla hajafika kona alisikia injini yake. Lakini hakusikia bati.

Handaki lilikuwa likivuma sauti moja, nyororo, isiyopanda wala kushuka. Wageni walisimama mbele ya kinu cha mfano kilichozunguka kama saa. Edris alipenya hadi nyuma, akaangalia. Kwenye mhimili palikuwa na ubao mpya, wa mviringo kamili, ukingo wake umepigwa msasa ukang'aa. Haukuwa na nundu hata moja. Mkono wa chuma ulikaa juu yake bila kutikisika, na bati likabaki limeinuliwa mahali pamoja.

Ulikuwa wastani. Ule ule waliouchora kwa chaki sakafuni na kuucheka.

"Na huu," Protus alikuwa akiwaeleza wageni, "ndio upepo halisi wa Angurai."

Macho yao yakakutana. Protus akamjia haraka, akamwekea mkono begani, akamnong'oneza, "Leo tu, Edris. Hawa wanataka kuona kitu kinazunguka. Wakitia sahihi, springi inakuja. Kabla ya mvua mkia utakuwa umefungwa. Nakuapia kwa mama yangu."

Kisha akawageukia wageni. "Na huyu ndiye fundi wetu. Mikono yake ndiyo imejenga kila mnachokiona."

Wakampigia makofi. Mtu hawezi kumwaibisha rafiki yake mbele ya wageni, hasa wageni wa mbali. Edris alikunja mikono kifuani, akainamisha kichwa, akanyamaza.

Kinu cha kweli kilijengwa wiki zilizofuata. Edris alikuwa juu ya mnara tangu asubuhi, akichomelea, na kutoka huko juu aliona malori yamepanga foleni upande wa Malaba na vilima vya Tororo vimekaa kimya. Alikifanya kila kiungo kana kwamba mwanawe ndiye atakayepanda. Mkia waliufunga wa kawaida, uliochomelewa imara bila bawaba, kwa sababu springi ilikuwa "njiani."

Siku ya kukifungua, wanawake wa Angurai walipika, na wazee wakaketi kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi na mirija yao mirefu. Kule sherehe kubwa huitiwa Mwislamu achinje, ili mgeni yeyote asikose kula. Mara hiyo hawakumtafuta mbali. Edris alichinja dume, akanawa, akapewa chai peke yake kwa heshima.

Kiongozi wa wanawake, Mama Auma, alimfuata hadi chini ya mnara. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache, na ndiye aliyewashawishi wenzake wabebe mawe ya msingi kichwani kutoka mtoni.

"Fundi," alisema, "mwalimu amezungumza vizuri, na chifu amezungumza vizuri. Mimi nakuuliza wewe. Hiki kitu kitasimama?"

Edris alitazama mkia. Aliwaza juu ya springi iliyo njiani na kiapo cha Protus kwa mama yake, ambaye Edris mwenyewe alikuwa amekula uji wake.

"Kitasimama, mama. Nimekichoma kwa mikono yangu."

"Basi yamekwisha," Mama Auma akasema, akaenda kuwaambia wenzake.

Mvua zilikaribia. Edris alimuuliza Protus kila walipokutana, na kila mara springi ilikuwa mahali papya: Nairobi, kisha Nakuru, kisha Kisumu. Mwishowe aliacha kuuliza. Alinunua springi ya lori lililopinduka, akafua bawaba mwenyewe kwa moto wa karakana yake, akaijaribu kwenye ubao wa dhoruba na mkia mdogo. Kinu cha mfano kiliinamisha uso, kikauacha upepo upite, kikasimama tena. Alimwita Zulaika aone. Hata yeye alitabasamu.

Akaibeba bawaba kwenye gunia, akapanda basi hadi Angurai. Chini ya mnara alikuta uzio mpya na mlinzi wa mradi, kijana wa Kiteso aliyemfahamu, akamsalimu kwa Kiteso.

"Yoga, fundi."

"Yoga. Nifungulie, nina kazi ndogo juu."

Kijana alikuna kichwa. "Mwalimu amesema mtu asiguse kinu bila yeye. Hata wewe. Hasa wewe, alisema. Samahani sana."

Edris alirudi Busia na gunia lake, akamkuta Protus ofisini. Hapo ndipo Protus, bila kukasirika, kwa ule upole wa mtu anayemfafanulia mwanafunzi, alimwambia ukweli. Wafadhili walikuwa wametia sahihi michoro kama ilivyo. Ripoti ilisema kinu kimejaribiwa katika upepo halisi na hakikuonyesha kasoro. Kufunga mkia mwingine sasa kungekuwa kusema jaribio lilikuwa la uongo. Na kulikuwa na nafasi yake ya masomo ng'ambo iliyotegemea ripoti hiyo.

"Dhoruba kama ile haiji kila mwaka," Protus alisema. "Kwa wastani tuko salama."

"Mwalimu. Umesema kwa wastani?"

Protus aligeuza kiti chake. Alitazama dirishani. Edris alisimama kidogo, akingoja Sigalame imrudie yule mtu usoni. Haikurudi. Aliinua gunia akatoka.

Dhoruba ilikuja katikati ya Aprili ya mwaka wa sabini na sita, mchana, siku ya soko. Watu walioona walisema kinu kilizunguka mpaka mapanga hayakuonekana tena, kikalia kama mnyama. Kisha gurudumu lote likapasuka. Panga moja lilimpata mzee Ojakol aliyekuwa akiwakimbiza maksai wake, likamvunja mguu juu ya goti. Mengine yalikutwa migombani. Mnara wenyewe ulibaki umesimama, viungo vya Edris vyote vizima, lakini hakuna aliyekuwa akitazama mnara.

Chifu Etyang aliitisha baraza. Protus alikuja na afisa wa mradi na ule ubao wa mviringo uliopigwa msasa. Aliuinua juu watu wauone.

"Huu ndio upepo tulioujaribia," alisema. "Kinu hakikutikisika hata kidogo. Wageni ni mashahidi. Hesabu ilikuwa sawa. Tatizo linaweza kuwa katika kuchomelea. Sisemi kwa ubaya. Fundi wetu alijitahidi kwa kadiri ya uwezo wake."

Manung'uniko yakapita. Edris alisimama. Alikuwa amekuja na bawaba ndani ya gunia na ubao wa dhoruba chini ya kwapa, kwa kuwa aliamini, hata saa hiyo, kwamba kitu chenyewe kikionekana kitasema. Akauinua.

"Huu ndio upepo wa hapa," alisema. "Upepo uliovunja. Tuliujua. Mfano ulivunjika kwa huu, na mwalimu alikuwepo."

Watu waliutazama ule ubao wenye meno. Hakuna aliyeona upepo.

"Umeliwa na panya huo!" mtu alisema kutoka nyuma.

"Si wa kusukumia chapati za Busia?"

Kicheko kikapanda. Katika umati wote ule palikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kuusoma ubao ule, kila nundu na kila bonde, na mtu huyo alikuwa amesimama hatua chache mbele yake akiwa na viatu safi.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya kubembeleza. "Waambie hii ni nini."

Protus aliuangalia ubao. Aliuangalia kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa kitu usichokijua. Midomo yake ilisogea kidogo.

"Siujui ubao huo," alisema.

"Karatasi ulivuta wewe. Ulinifunika koti."

"Fundi, tafadhali. Tusiingize mambo." Akamgeukia afisa, akaendelea kwa Kiingereza.

Chifu alimwambia Edris aketi. Mzee Ojakol, aliyeletwa akiwa amebebwa kwenye kiti, alisema tu, "Mimi sitaki maneno ya mbao. Nataka mtu aniambie nitalima na nini." Ikaamuliwa kwamba kosa ni la kazi ya mkono.

Edris alipotoka alimkuta Mama Auma njiani. Alidhani angalau huyu atamuuliza. Alianza kusema: alikuwa na bawaba, alizuiwa langoni, mwalimu alimwapia. Mama Auma alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Inaweza kuwa hivyo," alisema. "Lakini mimi sikumuuliza mwalimu. Nilikuuliza wewe."

Akashika njia ya mtoni. Edris alikaa kwenye jiwe la kando ya barabara mpaka basi likapita, na la pili likapita. Uongo wa Protus aliweza kuubeba kama mzigo wa mtu mwingine. Lakini siku ile chini ya mnara ni mdomo wake uliosema kitasimama, huku macho yakiutazama mkia. Rafiki yake alikuwa amemwibia jina, na yeye mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango Ijumaa ile aliponyamaza.

Mjini habari ilitangulia. Hakuna aliyemtukana. Mwenye duka aliyekuwa akigonga mlango kwa ngumi aliacha kuugonga. Mtu alileta kitanda cha chuma, akakaa pale pale akitazama kila kiungo kikichomelewa, akauliza, "Una hakika hapo?" Edris alijibu "nina hakika" kila siku, kisha kila saa, mpaka neno lenyewe likakauka mdomoni. Madereva waliendelea na utani wao, lakini sasa waliufanya wakiwa mbali kidogo.

Mwisho wa mwaka ilisikika kwamba Protus Wabwire amepata nafasi yake na ameondoka kwenda ng'ambo.

"Kusoma nini?" Zulaika aliuliza.

"Upepo," Edris alisema. "Jinsi unavyobadilika."

Zulaika alicheka kicheko kikavu, kirefu, kisha akaona uso wa mumewe, akainuka akaenda jikoni. Edris hakucheka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alijua Protus atafaulu. Hakuna mtu aliyeelewa jambo lile vizuri kama yeye. Angesimama mbele ya maprofesa, achore kwa chaki, aseme wastani hauvunji kinu, na kila neno lingekuwa kweli.

Siku moja Edris alizima injini katikati ya mzunguko, bati likabaki limening'inia nusu. Hakuiwasha tena. Mapipa aliyatenganisha moja moja, akawapa majirani wakatunzia maji. Wakati huo kahawa ya Uganda ilikuwa ikivuka mpaka kwa magunia, na kila mwenye nguvu alikuwa akibeba. Walimwita, akakataa. Akafunga karakana, akamrudishia mwenye nyumba ufunguo, akaondoka na Zulaika na watoto kwenye lori lililokuwa likienda na foleni ya kaskazini.

Sasa yuko Malaba, upande wa Kenya, karibu na reli. Anaziba rejeta za malori katika karakana ya mtu mwingine, na kibao cha mlangoni kina jina la mwenyewe, Ongodia.